Mzani usikutoe barabarani

MAISHA NYANDA ZA JUU
Na Upendo Mligo

Wiki ya tatu ndiyo inayoua vikundi vya joging. Wiki ya kwanza watu wanajaa: Makambako wanaikamata barabara ya Songea kabla malori hayajaanza kuchangamka, Njombe mjini wanapanda na kushuka vilima wakiwa na masweta yao, nyimbo juu. Wiki ya pili bado wapo. Ya tatu mtu anapanda mzani pale duka la dawa, anakuta kilo zile zile, pengine zimeongezeka, na Jumamosi inayofuata humwoni. Ukimuuliza anakujibu, "Dada, mwili wangu haukubali mazoezi."

Unakubali sana. Inaniuma kuona watu wanaacha wakati huo huo ambao mwili umeanza kubadilika, kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza kinachoendelea ndani.

Anayeanza mazoezi, misuli yake hupata majeraha madogo madogo. Ndiyo yale maumivu ya kesho yake, unapochuchumaa na kushindwa kuinuka. Mwili hupeleka maji mahali hapo ili kuikarabati. Tena misuli inayotumika huanza kujiwekea akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu 3 hivi za maji. Ukiongeza gramu 300 za akiba, tayari mzani umepanda zaidi ya kilo 1. Katika siku hizo hizo huenda umeshapoteza nusu kilo ya mafuta, lakini mzani hujumlisha kila kitu, mpaka viazi vya jana usiku.

Jasho nalo linadanganya watu. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu, sakitu ikiwa imelala juu ya nyasi kule Uwemba, nawaelewa wanaokimbia na koti. Ila wapo wanaojifunga nailoni tumboni wakiamini kitambi kinayeyuka. Kinachotoka ni maji. Ukinywa vikombe viwili vya chai yamerudi.

Maji yale ya kwenye misuli hutulia baada ya wiki chache. Uzito ukigoma kwa miezi, sababu kubwa huwa ni sahani. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 anatumia kalori 350 hivi. Chapati moja ya mafuta ina 250 hadi 300. Sasa tazama kikundi kinapomaliza mbio: supu, chapati mbili, na kufika mchana mtu anajiongezea ugali kwa sababu asubuhi "kafanya kazi". Hata parachichi letu, chakula kizuri ninachokitetea popote, moja kubwa linaweza kufika kalori 300. Bia na ulanzi wa jioni sijavigusa. Na aliyekimbia alfajiri mara nyingi hupanda bodaboda kwa safari ambayo juzi aliitembea, kisha hukaa dukani mpaka jioni akijihesabu kuwa ameshamaliza zamu yake.

Lakini hata anayekula kwa kipimo anaweza kukwama, na maelezo mazuri kuliko yote ya jambo hili yametoka hapa hapa Tanzania. Mwaka 2012 Mmarekani Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo walivyofanya kwa Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi. Wanaume wa Kihadza hutembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku wakiwinda na kutafuta asali, wanawake karibu 6, na hao ndio wanaochimba mizizi na kubeba watoto. Watafiti waliwanywesha maji yaliyowekewa alama, ambayo hufuatiliwa kwenye mkojo na kuonesha kalori ambazo mtu ametumia kweli. Walitegemea kukuta Wahadza wanatumia nyingi kuliko wenzao wa Marekani na Ulaya. Ukilinganisha watu wenye miili sawa, matumizi yalikuwa yale yale.

Pontzer anaeleza kwamba mwili unapozoea kazi nyingi hubana matumizi mengine, kama kaya inayosubiri mavuno. Hupunguza kinachotumika kwenye uvimbe wa ndani ya mwili, kwenye msongo, na kwenye harakati ndogo ndogo za kutwa. Wataalamu bado wanabishana mwili hubana kwa kiasi gani. Hata hivyo, kwa mkimbiaji wa Makambako maana yake iko wazi: kalori anazodhani amezichoma zote, sehemu mwili umeshazifidia. Akipungua kweli, mwili mdogo unahitaji chakula kidogo kuliko ule wa mwanzo, kwa hiyo sahani iliyompunguza Januari itamshikilia palepale Mei.

Hao hao Wahadza walipopimwa moyo walikutwa na shinikizo la juu la damu kwa nadra sana. Kwa hiyo kuhangaika kwao kutwa kuna malipo, na malipo hayo hayasomeki kwenye mzani. Mwenye presha anayefanya mazoezi ya mwendo mara kwa mara anaweza kuishusha namba ya juu kwa pointi 5 hadi 8. Misuli iliyofanya kazi huendelea kuvuta sukari kutoka kwenye damu hata siku ya pili. Mafuta yanayozunguka ini na utumbo, yaliyo hatari kuliko yale ya mapajani, hupungua hata kilo zikibaki zile zile. Chukua futi ya fundi cherehani uzungushe kiunoni, usawa wa kitovu: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Futi hiyo itakwambia habari mapema kuliko mzani.

Njombe tuna jambo letu jingine, na nalisema kwa upendo. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima wa mkoa huu wanaishi na virusi vya Ukimwi, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Kwa miaka mingi mtu akikonda hapa, majirani walikuwa wameshammalizia hesabu. Wapo wanaoogopa kupungua kwa sababu hiyo tu. Na tangu 2019 wengi walio kwenye dawa wanatumia vidonge vyenye dolutegravir, dawa nzuri inayofubaza virusi haraka, ila baadhi ya watu, hasa wanawake, huongezeka uzito wakiitumia. Dada yangu, ikiwa unakimbia na kilo zinapanda, ongea na mhudumu wa kliniki yako. Kidonge usikiache hata siku moja.

Nirudi kwenye vikundi vyetu. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Siku hiyo tunaijaza fulana na muziki, na sina ugomvi navyo. Ninachowaomba waganga wakuu wa halmashauri zetu ni mhudumu mmoja na mashine moja ya presha kwa kila kikundi. Utafiti wa 2012 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na wengi hawajui. Wapimwe kabla ya kuanza, wakiwa wamekaa kimya dakika 5, maana baada ya mbio namba hudanganya. Atakayesoma 140 kwa 90 au zaidi apangiwe siku ya kupimwa tena zahanati, na aendelee kutembea na wenzake wakati anasubiri. Atakayezidi 180 kwa 110 asikimbie siku hiyo. Kiongozi wa kikundi amsindikize hospitali.