Kushindwa mtihani wa muziki

Mtoto anayeshindwa hesabu anaweza kuficha daftari lake. Lakini mtoto anayeshindwa mtihani wa muziki hana la kuficha. Alishindwa kwa sauti, mbele ya watu. Vidole vilipotea juu ya kinanda, ao sauti ilikatika katikati ya wimbo, na wote walisikia. Akirudi nyumbani anapita njia ya nyuma, kusudi asikutane na wenzake. Siku ya pili hataki kuimba tena, hata ule wimbo ambao mama yake anauimba akitwanga.

Mtoto huyo anastahili kusaidiwa. Lakini watu wengi wanamsaidia vibaya. Wengine wanamwambia: «Acha, wewe huna kipaji.» Wengine wanamhurumia, wanamwambia: «Ulicheza vizuri kabisa, ni waalimu tu wanaokuchukia.» Maneno ya kwanza yanamvunja moyo. Maneno ya pili ni matamu, lakini yanamzuru zaidi, kwani yanamfundisha kwamba hana kitu cha kutengeneza. Mtu aliyeambiwa kwamba hana kosa atarudi mwaka ujao na kosa lile lile.

Afazali kutazama ginsi alivyofanya mtu mmoja aliyekataliwa katika mtihani wa namna hii. Jina lake ni Giuseppe Verdi, wa inchi ya Italia.

Verdi alizaliwa mwezi wa Oktoba 1813 katika kijiji cha Le Roncole, karibu na mji mdogo wa Busseto. Baba yake alikuwa na duka na nyumba ya kupokea wasafiri. Feza haikuwa nyingi. Hata hivi wazazi walimpatia mtoto kinanda kidogo kilichochakaa. Mwaka 1821 fundi mmoja, Stefano Cavalletti, alikuja kukitengeneza. Alipomaliza alikataa malipo. Ndani ya kinanda aliacha maandiko ya kusema kwamba malipo yake ni kuona ginsi mtoto anavyopenda kujifunza. Kinanda kile kinalindwa Milano hata leo.

Mtoto alipokuwa na miaka 10 hivi, alikuwa anapiga kinanda cha kanisa la kijiji chake. Wazazi walimpeleka Busseto kusoma, na kila Siku ya Mungu alirudi Le Roncole kwa miguu kupiga kinanda katika Misa. Huko Busseto watu walimsifu sana. Tajiri mmoja wa biashara, Bwana Antonio Barezzi, aliyependa muziki kuliko chakula, alimpokea nyumbani mwake kama mtoto wake. Wote waliona kwamba kijana huyu atakuwa mtu mkubwa. Kusifiwa na mji mzima ni kitu kizuri, lakini hakumwonyeshi mtu kosa la mkono wake.

Mwezi wa Juni 1832 Verdi alikwenda Milano kuomba nafasi katika shule kubwa ya muziki. Alikuwa na miaka 18. Alipiga kinanda mbele ya waalimu, akawaonyesha na nyimbo alizozitunga mwenyewe. Kisha akangoja jibu. Jibu lilikuwa: hapana.

Na tuseme wazi juu ya nini walimkataa, kwani hapa ndipo penyi mafundisho. Sheria ya shule ilisema kwamba wanafunzi wapya wasipite miaka 14. Yeye alizidi kwa miaka 4. Tena alihesabiwa kuwa mgeni, kwa sababu wakati ule Italia haikuwa bado inchi moja: Milano ilikuwa chini ya Serikali ya Austria, na Busseto ilikuwa ya utawala wa Parma. Vitanda vya shule navyo vilikuwa vimejaa. Mwalimu wa kinanda alisema kwamba kijana anaweka mikono yake vibaya juu ya kinanda, na kwa umri wake itakuwa vigumu kuibadili. Lakini mwalimu aliyetazama nyimbo zake alisema neno lingine: kijana huyu akijifunza kwa uvumilivu sheria za kupanga sauti, ataweza kutunga vizuri.

Basi, katika lile «hapana» moja mlikuwa na mambo mengi. Umri, inchi na vitanda havikuwa kosa la Verdi. Angelia mwaka mzima, visingebadilika. Mikono ilikuwa kosa la kweli. Na neno la yule mwalimu wa mwisho halikuwa kosa hata kidogo, lilikuwa njia. Mtu aliyeshindwa hasikii haya yote. Anasikia «hapana» tu, na moyoni anaongeza maneno ambayo hakuna aliyeyasema: «Mimi si kitu.»

Kwa hiyo kazi ya kwanza, machozi yakiisha kukauka, ni kumrudia mwalimu na kumuuliza kwa heshima: «Mwalimu, nilikosa wapi?» Watoto wengi hawathubutu. Wanaogopa kusikia maneno makali zaidi. Lakini mara nyingi jibu ni dogo kuliko woga: mstari wa tatu ulikwenda mbio, pumzi ilikwisha kabla ya neno, kidole gumba kilichelewa. Kitu chenyi jina kinaweza kutengenezwa. Na kweli, waalimu nao wana deni hapa. Mwalimu anayeandika 4 juu ya 10, kisha akanyamaza, hakufundisha kitu. Mtoto anakwenda nyumbani na namba, naye namba haimwambii kidole gani.

Verdi hakurudi Busseto kujificha. Bwana Barezzi alikubali kutoa feza, na kijana akabaki Milano kujifunza kwa mwalimu mmoja mzee, Vincenzo Lavigna, aliyekuwa amefanya kazi katika nyumba kubwa ya muziki iitwayo La Scala. Kwa miaka mitatu hivi Lavigna alimfundisha hasa kanoni na fuga. Kanoni ni wimbo ambao watoto wa shule wanaujua: kundi moja linaanza, la pili linafuata nyuma na wimbo ule ule, kisha la tatu, na sauti zote zinapatana. Fuga inafanana na kanoni, lakini ni ngumu zaidi. Ilikuwa kazi kavu, kama kulima shamba ambalo hujaona bado jani moja. Lakini ilikuwa ni kile kitu ambacho yule mwalimu wa mtihani alikisema. Kijana alichukua neno lililokuwa la kweli katika aibu yake, akalifanyia kazi kila siku.

Hata hivi kujifunza chumbani hakutoshi. Woga ulimwingia mtoto mbele ya watu, nao utatoka mbele ya watu. Mwaka 1834 chama kimoja cha waimbaji wa Milano kilikuwa kinajifunza kazi kubwa ya Haydn juu ya kuumbwa kwa dunia. Siku moja viongozi wa kinanda hawakufika. Mkubwa wa chama alimwomba Verdi akae kwenyi kinanda, awasaidie waimbaji kwa zile sauti za chini tu. Verdi mwenyewe alieleza baadaye kwamba wengine walimtazama kwa kicheko, kwa kuwa alikuwa kijana mwembamba, mwenyi nguo zisizopendeza. Alianza polepole. Kisha moyo ukawaka: akapiga kinanda kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kuume akawaongoza waimbaji. Walipomaliza walimsifu pande zote, na kazi ile ilipoimbwa mbele ya watu, ni yeye aliyeiongoza. Mikono yake ilikuwa ni ile ile iliyokataliwa miaka miwili mbele.

Mtoto wa shule hana waimbaji wa Milano, lakini ana nyanya yake. Achukue ule mstari uliompoteza, aupige polepole, mkono mmoja peke yake, halafu mkono wa pili, halafu yote miwili. Asianze wimbo wote tangu mwanzo kila mara. Ndiyo desturi ya watoto, na ndiyo sababu mwanzo wanaujua sana na katikati hawaijui kamwe. Ukikubali, na ampigie nyanya. Siku ingine aite rafiki mmoja, kisha watatu. Akikosa mbele yao, aendelee bila kusimama. Mtu anayejua kuendelea kisha kukosa amekwisha kupata nusu ya kile kilichopotea siku ya mtihani.

Itafaa kusema pia jambo ambalo wasimulizi wengine wanaliruka. Verdi alishindwa mara ya pili, na mara hii vibaya zaidi. Opera yake ya kwanza iliimbwa La Scala mwaka 1839. (Opera ni mchezo ambamo watu wanaimba maneno badala ya kuyasema.) Ilipendeza. Lakini katika miaka ile watoto wake wawili walikufa, na mwezi wa Juni 1840 mke wake Margherita, binti wa Bwana Barezzi, akafa naye. Katika huzuni hiyo alipaswa kumaliza opera ya kuchekesha. Mwezi wa Septemba iliimbwa mara moja, watu wakaizomea, ikaondolewa. Verdi alikata shauri asitunge tena.

Hapa mtu asiseme kwamba alihitaji mazoezi. Kuna kushindwa ambako hakutoki katika vidole. Mtu akiwa na msiba nyumbani, ao akiwa mgonjwa, ao akiwa na njaa, mtihani wake hauonyeshi kipaji chake, unaonyesha taabu yake. Waalimu wenyi hekima wanauliza kwanza habari za nyumbani. Verdi aliinuka kwa sababu mtu mmoja hakumwacha: Merelli, mkubwa wa La Scala, alimtia mkononi maneno ya opera mpya juu ya Mfalme Nebukadneza na Wayahudi waliochukuliwa utumwa Babeli. Verdi hakutaka kuyapokea, akayapokea, akatunga. Ilipoimbwa tarehe 9 Machi 1842, watu wa Milano walishangilia sana. Tangu siku ile jina lake lilienea: opera yake *Aida* iliimbwa mara ya kwanza Kairo, katika inchi ya Misri, mwaka 1871, na mwaka 1893, akiwa na miaka 79, alionyesha opera yake ya mwisho, nayo ilikuwa ya kuchekesha.

Mtu anaweza kujibu: «Lakini si kila mtoto aliyeshindwa ni Verdi.» Ni kweli kabisa. Wengi watapiga kinanda kanisani, ao kuimba kwenyi arusi, ao kuwafundisha watoto wao jioni, na hiyo si kazi ndogo. Tena wale waalimu wa Milano hawakuwa wajinga. Verdi hakujulikana kamwe kama mpigaji mkubwa wa kinanda. Alijulikana kama mtungaji, kama yule mmoja wao alivyotumaini. Kumbe mtihani ule ulisema kweli nyingi. Neno moja tu halikuwamo, ni mwisho wa habari, na mtihani hauwezi kulijua.

Wengine wanamshauri mtoto asahau. Shauri hilo halina nguvu. Verdi hakusahau. Alipokuwa mzee mwenyi sifa katika dunia yote, watu walitaka kuipa ile shule ya Milano jina lake, naye alikataa. Leo, kisha kufa kwake mwaka 1901, shule inaitwa kwa jina lile. Na nyumbani mwake, kati ya karatasi zake, alilinda ile barua ya mwaka 1832 ya kuomba nafasi. Juu yake alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba ilikataliwa.