Vikwazo vya biashara: Mchuuzi hulipa kwanza, huachiliwa mwisho

MFANYABIASHARA wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, huitegemea Mbarara kwa sabuni, sukari na nguo. Mbarara nayo huitegemea barabara ya Kabale inayofika mpakani Katuna. Mpaka huo ukifungwa kwa amri ya kisiasa, hasara haiishii mpakani.

Ndivyo ilivyokuwa Februari 2019, Rwanda ilipofunga kituo cha Gatuna, mkabala na Katuna, na kuwazuia raia wake kwenda Uganda. Kigali iliishutumu Kampala kwa kuwakamata Wanyarwanda na kuwasaidia wapinzani wake, Kampala ilikanusha. Mauzo ya Uganda nchini Rwanda, yaliyokuwa karibu dola milioni 200 mwaka 2018, yaliporomoka hadi chini ya milioni 10 mwaka 2020.

Mpaka ulifunguliwa Januari 31, 2022, lakini malori yalitangulia. Mchuuzi anayevuka kwa miguu alisubiri hadi Machi 7, kutokana na masharti ya Uviko-19.

Kwa Warundi wanaoishi Nakivale, hadithi hii si ngeni. Julai 31, 1996, viongozi wa kanda, Uganda ikiwemo, walikutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo, siku sita baada ya Meja Pierre Buyoya kutwaa madaraka. Walitaka Bunge lirejeshwe, vyama viruhusiwe na mazungumzo yaanze.

Septemba mwaka huohuo Bunge na vyama viliruhusiwa, lakini kwa kuwa mazungumzo na pande zote hayakuwa yameanza, vikwazo vilibaki. Bei ya mafuta ilipanda na magendo yakastawi. Chakula, dawa na pembejeo vililegezewa Aprili 1997, na vikwazo vikasitishwa Januari 1999. Mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha Agosti 2000.

Watetezi wa vikwazo hivyo husema vilimsukuma Buyoya mezani. Hoja hiyo ina uzito, kwani njia nyingine ilikuwa kuiacha vita iendelee. Hata hivyo, vita vya panzi furaha ya kunguru: aliyeweza kupitisha mafuta usiku alitajirika, huku mkulima asiyepata mbolea akipoteza msimu.

Matukio haya mawili hayafanani. Lile la 1996 lilikuwa uamuzi wa pamoja, wenye masharti yaliyotangazwa. Lile la 2019 lilikuwa uamuzi wa nchi moja dhidi ya jirani ambaye wamo naye katika soko la pamoja tangu 2010. Lakini katika yote mawili, asiyehusika na ugomvi ndiye aliyebeba mzigo.

Januari 2024 Burundi nayo ilifunga mpaka wake na Rwanda, hivyo suala hili halijapita. Kizuizi kinachodai kuwa cha haki kinapaswa kuwa na masharti ya wazi, na kulegezwa kila sharti linapotimizwa. Chakula, dawa na mbegu viachwe vipite tangu siku ya kwanza, si baada ya miezi minane.

Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000. Nchi wanachama zinaweza kukubaliana kwamba mizigo hiyo isizuiwe wakati wa mizozo. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vina sababu ya kulidai hilo sasa, mipaka ya Katuna na Mirama Hills ikiwa wazi.