Mcheza kwao hutunzwa, ila Deyna alizomewa

Methali isemayo “Mcheza kwao hutunzwa” hairuki mwaka bila kuandikiwa insha katika shule zetu, nami nimezisahihisha insha hizo hadi naweza kuvikariri visa vyake. Vinafanana kama shilingi kwa ya pili. Yuko kijana aliyekwenda ugenini, akadharauliwa, kisha akarejea kwao na kupokewa kwa vigelegele na vifijo. Insha nyingi ni nzuri na alama huzipata. Hata hivyo, karibu zote humtazama mtu mmoja tu, yaani mchezaji. Anayepaswa kutunza hatajwi, ilhali nionavyo mimi, yeye ndiye anayeambiwa. Methali hii inawatwika watazamaji deni.

Ili kulifafanua jambo hili, nitamchukua mtu wa mbali ambaye pengine wanafunzi wengi wa leo hawajapata kumsikia. Huyu ni Kazimierz Deyna, kiungo wa timu ya taifa ya Polandi.

Deyna alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1947 katika mji wa Starogard Gdański, kaskazini mwa Polandi. Mwaka wa 1966 alijiunga na klabu ya ŁKS ya mjini Łódź, lakini aliichezea mechi moja tu ya ligi kuu kabla ya kuitwa jeshini. Zama hizo Polandi ilikuwa chini ya utawala wa kikomunisti, na Legia ya Warsaw ilikuwa klabu ya jeshi. Kijana mwenye kipaji cha kandanda aliweza kuvishwa magwanda leo na kesho akajikuta ndani ya jezi ya Legia. Ndivyo ilivyokuwa kwa Deyna. Alidumu hapo miaka 12, akaisaidia klabu hiyo kutwaa ubingwa wa ligi mwaka wa 1969 na 1970, na kufika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa barani Ulaya mwaka huo wa 1970.

Hakuwa mtu wa mbio. Silaha zake zilikuwa macho yaliyouona uwanja mzima, pasi ndefu zilizofika zilikotumwa, na mikwaju iliyopinda hewani hata mlinda lango asijue aruke upande upi. Mwaka wa 1972, katika Michezo ya Olimpiki ya Munich, michezo ile ile ambayo Kipchoge Keino wetu alinyakua dhahabu ya mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Polandi ilitwaa dhahabu ya kandanda. Deyna aliongoza wafungaji wote kwa mabao 9. Katika fainali, Hungaria ilikuwa mbele kwa bao moja hadi mapumziko. Deyna akafunga mawili katika kipindi cha pili na mambo yakaishia hapo.

Oktoba 1973, Polandi ya kocha Kazimierz Górski ilikwenda sare ya 1-1 na Uingereza katika uwanja wa Wembley, na kuwazuia Waingereza kufika fainali za Kombe la Dunia za mwaka uliofuata. Katika fainali hizo za 1974 huko Ujerumani Magharibi, Polandi iliilaza Argentina, ikailaza Italia, kisha ikaifunga Brazili 1-0 na kutwaa nafasi ya tatu. Mwishoni mwa mwaka huo, katika tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, Johan Cruyff alikuwa wa kwanza, Franz Beckenbauer wa pili na Deyna wa tatu. Miaka miwili baadaye aliongeza medali ya fedha ya Olimpiki kutoka Montreal.

Basi huyo ndiye mcheza kwao. Na tutazame alivyotunzwa.

Tarehe 29 Oktoba 1977, Polandi ilikutana na Ureno mjini Chorzów, katika jimbo la Silesia lenye machimbo ya makaa ya mawe. Polandi ilihitaji sare tu ili ifuzu kwa Kombe la Dunia la 1978. Deyna, aliyekuwa nahodha, alipiga kona na mpira ukapinda moja kwa moja hadi wavuni. Mechi iliisha 1-1 na tikiti ya kwenda Argentina ikapatikana. Lakini umati ule ulimzomea na kumpigia miluzi mtu aliyewafungia bao. Kosa lake kubwa ni kwamba alikuwa mchezaji wa Legia, klabu ya jeshi na ya mji mkuu, ambayo watu wa Silesia hawakuipenda. Uhasama wa klabu ukameza shukrani ya taifa.

Mwaka uliofuata huko Rosario, Polandi ilikuwa nyuma 1-0 dhidi ya wenyeji, Argentina. Mario Kempes aliuzuia mpira kwa mkono kwenye mstari wa lango, na penalti ikatolewa. Deyna aliipiga, Ubaldo Fillol akaidaka. Polandi ikafungwa 2-0. Kwa wengi, mkwaju huo mmoja ulifuta dhahabu ya Munich na jasho la miaka kumi katika timu ya taifa, aliyoichezea mara 97 na kuifungia mabao 41.

Neno “kutunza” lina maana zaidi ya moja. Kuna kumtunza mchezaji ngomani, yaani kumtuza. Kuna pia kumtunza mtu, yaani kumlea na kumwangalia. Watazamaji wa Chorzów walishindwa katika maana ya kwanza. Wenye mamlaka walishindwa katika ya pili, kwa kuwa walimtunza Deyna kama mali inavyotunzwa sandukuni. Klabu kubwa za nje zilimtaka alipokuwa katika kilele chake, lakini kwa taratibu za nchi yake, mchezaji hakuruhusiwa kuondoka hadi umri uwe umesogea. Alipofunguliwa mlango mnamo Novemba 1978, akaelekea Manchester City, alikuwa amekwisha timiza miaka 31. Majeraha yakamwandama, na kwa muda wa zaidi ya miaka miwili alicheza mechi 38 tu za ligi. Mwaka wa 1981 alihamia Marekani kuichezea San Diego Sockers, akakaa nayo hadi 1987.

Usiku wa tarehe 1 Septemba 1989, gari lake liliparamia lori lililokuwa limesimama kando ya barabara kuu huko San Diego, akafariki papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 41. Siku nane tu kabla ya hapo, bunge la Polandi lilikuwa limemchagua Tadeusz Mazowiecki, waziri mkuu wa kwanza asiyekuwa mkomunisti tangu miaka ya 1940. Mlango uliomfungia Deyna ujana wake wote ulikuwa unafunguka.

Heshima zilikuja baadaye. Legia iliistaafisha jezi nambari 10. Mwaka wa 2012 mabaki yake yalirejeshwa Warsaw na kuzikwa katika makaburi ya kijeshi ya Powązki, na mwaka huo huo sanamu yake ikasimamishwa nje ya uwanja wa Legia.

Wapo watakaonijibu kwamba Deyna alikuwa mtu mzima, na kwamba hakuna aliyemlazimisha kushika usukani hali amekunywa pombe. Wasemayo ni kweli, nami sikusudii kumfanya malaika. Wengine watasema kwamba mtazamaji aliyelipa kiingilio ana haki ya kukosoa. Nakubali pia. Lakini kukosoa humwonyesha mtu alipokosea. Deyna alizomewa baada ya kufunga. Mzomeaji wa namna hiyo huwa ameamua tangu nyumbani, na mchezo haumpi wala haumnyimi kitu.

Walimu wenzangu, umati wa Chorzów huweza kukaa hata katika chumba cha walimu. Mwanafunzi aliyeleta kombe la wilaya muhula wa kwanza, akakosa penalti muhula wa pili, hutajwa kwa penalti. Yule anayetoka katika jamaa tusiyoipenda husifiwa nusu nusu. Na kipaji kinachoiletea shule jina huzuiwa kuhamia mahali kitakapokua zaidi, eti shule itabaki na nini. Kama sifa inastahili, isemwe gwarideni Ijumaa hii, mwenyewe akiwa amesimama mstarini na masikio yake yanasikia.

Nanyi wanafunzi, siku mtakapoulizwa tena kuiandikia methali hii insha, msiishie kumsimulia mchezaji. Andikeni pia juu ya waliokaa pembeni mwa uwanja, walichokuwa wanadaiwa, na kama walikilipa angali hai.