Mlipe Rafiki Yako Mwenye Seva

Kuna imani iliyoota mizizi mitaani kwetu Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Bunju, kwamba mtu akishakuwa na seva yake, nafasi inayobaki ndani yake haina bei. Seva inalipiwa tayari, inawaka usiku na mchana, diski haijafika hata nusu. Kuongeza tovuti ya duka la vipuri la Tandika, au anwani nne za barua pepe za shule ya awali ya Tegeta, kutampunguzia nini? "Kaka, niwekee na mimi tu." Asiyeweka anaitwa mchoyo. Anayeweka kisha akadai chochote anaambiwa pesa imemharibu.

Imani hiyo ni ya uongo, na wanaoumizwa nayo zaidi ni hao hao wanaopewa cha bure.

Hesabu kwanza. Kukodi seva kamili ya bei ya chini huko Ujerumani, kwa kampuni kama Hetzner, ni kama euro 40 kwa mwezi: laki moja na ushee ya shilingi. Kuna atakayeuliza kwa nini kijana mwenye seva asiiweke sebuleni kwake, akaokoa fedha hizo. Aliyepitia mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 anajua sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni kwamba mitandao ya simu kwa kawaida huwagawia wateja wengi namba moja ya IP kwa wakati mmoja, hivyo mashine ya sebuleni haifikiki kirahisi kutoka nje, na barua inayotoka kwenye namba ya namna hiyo hutiliwa shaka popote inapokwenda. Kwa hiyo anakodi, na analipa kwa fedha za kigeni. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Mwaka 2024 ikavuka 2,600. Hata bei isipoguswa Ujerumani, kwake Kinondoni inaweza kupanda.

Hata hivyo fedha ndiyo sehemu nyepesi ya mzigo. Uzito uko kwenye barua pepe. Utaratibu wa SMTP, ambao hadi leo ndio unaosafirisha barua hizo, uliandikwa mwaka 1982, wakati waliokuwa mtandaoni walikuwa wachache na wanaaminiana. Leo kila seva inayopokea barua humhoji mtumaji kama polisi wa mpakani. Inataka kuona rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba mtumaji anaruhusiwa kutumia anwani hiyo. Inakagua kama namba ya IP inalingana na jina la seva. Inapekua orodha za Spamhaus kuona kama namba hiyo imewahi kukamatwa ikisambaza barua taka. Februari 2024, Google na Yahoo walikaza zaidi masharti hayo, na asiyeyatimiza barua zake huishia kwenye takataka au hurudishwa alikozituma.

Sasa mtazame rafiki wa Tandika. Tovuti yake imejengwa kwa WordPress, na viongezi vyake (plugins) havijasasishwa tangu siku ya uzinduzi. Wahuni wa mtandaoni wanaingia usiku, na kufika alfajiri seva imetuma maelfu ya barua za utapeli. Namba ya IP inaorodheshwa. Asubuhi, mwalimu mkuu wa Tegeta anawatumia wazazi barua za ada, hazifiki, naye hajui kwa nini, maana hajakosea lolote. Kosa lake ni kukaa kwenye seva moja na mtu wa Tandika.

Hapa ndipo hoja ya nafasi iliyobaki inapoanguka. Wenye seva moja wanagawana sifa ya namba ile ya IP. Diski ikijaa hununuliwa nyingine kwa siku moja, lakini sifa ikichafuka mtu huandika maombi ya kuondolewa kwenye orodha, akasubiri, akaomba tena. Kila rafiki anayeongezwa ni hatari inayoongezwa kwa wote waliomtangulia, na mwenye kuibeba hatari hiyo saa nane za usiku ni mtu mmoja asiyelipwa.

Ubaya mkubwa wa bure ni kwamba unaziba midomo ya pande zote mbili. Asiyelipwa hana ubavu wa kukemea: atamfungiaje tovuti rafiki yake kwa uzembe, ilhali walikubaliana kwamba ni msaada tu? Asiyelipa naye hana uso wa kuuliza. Nani atamhoji mtu aliyemfadhili, "Nakala rudufu za barua zangu zinakaa wapi?" Na swali hilo ndilo la kwanza kuulizwa. Tarehe 10 Machi 2021, jengo la data la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto. Waliokuwa na nakala mahali pengine waliendelea na kazi. Kati ya wasiokuwa nazo, wapo waliopoteza kila kitu. Nakala ya pili inataka mahali pa pili, na mahali pa pili panalipiwa. Wema haununui diski.

Yapo pia mambo ambayo mtu mmoja hawezi kuyamudu hata awe hodari vipi. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikayumba. Kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Seva iliyoko Ujerumani haikuhisi chochote na iliendelea kupokea. Hata ingezimika, seva za wanaotuma barua kwa desturi hurudia kujaribu hadi siku tano hivi kabla ya kukata tamaa. Asiyeweza kufikia mashine alikuwa mwenyewe aliyeko Kinondoni. Ndiyo maana nywila lazima ziwe kwa watu wawili, na wa pili ni heri awe Nairobi au Muscat kuliko Mwanza.

Halafu kuna magonjwa na mauti. Mara ngapi kikoa, yaani jina la mtandaoni, cha .co.tz cha biashara nzima kimeandikishwa kwa jina la kijana aliyekitengeneza, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo? Akiondoka duniani, au wakigombana tu, mwenye duka anabaki na bango lenye anwani asiyoimiliki. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na sheria haijui urafiki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, nayo ina Tume yake ya kusajili wakusanyaji na wachakataji wa taarifa za watu. Anayetunza orodha ya wanafunzi wa shule na malalamiko ya wateja wa SACCOS ameshatoka kwenye mambo ya nyumbani, hata kama hajapokea senti tano.

Watasema: basi tutumie Gmail, ni bure na haizimiki. Kwa mtu binafsi, sawa. Kwa taasisi, anwani hiyo ni ya mhasibu aliyeifungua, na akiacha kazi anaondoka nayo. Na hao wakubwa tunaowatolea mfano wa bure wameshaikimbia. Desemba 2012 Google iliacha kuwapa wateja wapya barua pepe ya bure yenye kikoa chao wenyewe, na mwaka 2022 ikawataka wafanyabiashara waliokuwa wamebaki kwenye mpango ule wa zamani walipie. Kampuni yenye utajiri wa namna ile imeona mzigo huu haubebeki bure. Kijana wa Kinondoni ataubebea wapi?

Watasema pia kwamba huu ni uchoyo wa kizungu, sisi ni watu wa kusaidiana. Kusaidiana kupi kusikokuwa na daftari? Kikoba kina katiba, mweka hazina na faini ya kuchelewa. Chama cha kuzikana kinakata jina la asiyechanga. Michango ya harusi ina kadi, na kamati inakupigia simu mpaka utoe. Hatujawahi kuuita utaratibu huo uchoyo. Tumeamua tu kwamba kompyuta ziko nje ya utaratibu, kwa sababu kazi yake hatuioni kwa macho.

Iwekwe kwenye utaratibu, basi. Watu kumi na wawili wakichanga shilingi 15,000 kila mmoja, kwa M-Koba au kwa njia wanayoiamini, zinapatikana 180,000 kwa mwezi. Laki na ishirini inamaliza kodi ya seva. Elfu sitini inayobaki inalipia nakala rudufu na kumpa mhudumu kitu cha mkononi. Kila kikoa kiandikwe kwa jina la mwenye biashara. Tovuti isiyosasishwa ipewe onyo, kisha izimwe, hata kama ni ya shemeji. Anayetaka kuhama apewe barua zake zote na mwezi mmoja wa kujipanga.

Na kama shilingi mia tano kwa siku ni nyingi mno kwa barua pepe inayokuletea wateja na zabuni, rafiki yako hajakutoza ghali. Wewe ndiye hujawahi kuihitaji hiyo barua pepe, na umpunguzie mzigo leo kwa kuhama.