Hifadhidata ikinyamaza, nani anajua?

Mgonjwa anapoandikishwa kwenye kituo cha afya, mwalimu anapolipwa mshahara kupitia benki, mama mkimbizi anapotumiwa pesa kwa simu, jina na hesabu yake vinaingia katika hifadhidata, yaani ghala la habari ndani ya kompyuta. Taasisi kubwa haina ghala moja tu. Inaweza kuwa na makumi, kila moja kwenye seva yake.

Zikichungwa moja moja, kila fundi na yake, fundi akisafiri au akiugua hakuna anayejua kama diski imejaa au kama nakala ya akiba ilifanyika usiku. Dawa inajulikana: kuzipanga katika makundi na kuzichunga kutoka sehemu moja. Hifadhidata kuu inawekwa pamoja na nakala zake. Za majaribio zinatengwa na zile za kazi. Kwenye kioo kimoja, mwenye zamu anaona ipi ni kuu, ipi imechelewa na ipi imenyamaza.

Hata hivyo, kioo peke yake hakitoshi. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani, alikuwa akihangaika usiku kurekebisha seva ya nakala iliyobaki nyuma. Alifuta mafaili akidhani yuko kwenye seva hiyo, kumbe yuko kwenye seva kuu. Karibu gigabaiti 300 zilitoweka. Akiba ilipotafutwa, ilikutwa tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ikishindwa kwa sababu ya toleo lisilolingana, na barua pepe za kutoa tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani. Nakala iliyookoa kampuni ilikuwa imechukuliwa kwa mkono muda wa saa sita kabla, kwa ajili ya kazi nyingine. Yaliyoandikwa katika hifadhidata hiyo ndani ya saa hizo sita yalipotea.

GitLab ilikuwa na vyombo vya kuchunga. Shida ni kwamba ukimya ulichukuliwa kuwa usalama.

Somo hilo linaihusu Kongo moja kwa moja. Nchi ina majimbo 26 na zoni za afya 519, na takwimu za afya zinakusanywa kwa DHIS2, programu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Huku mashariki umeme unakatika na antena zinazimika kwa sababu ya vita. Kama Kinshasa inahesabu zoni iliyonyamaza kuwa zoni isiyo na tatizo, kipindupindu kinaweza kusambaa bila mtu kukiona.

Kwa hiyo wanaotunza habari za raia, wawe wa serikali, wa benki au wa kampuni za simu, wanapaswa kufanya mambo matatu. Kwanza, kundi lisilotuma habari lihesabiwe kuwa na hatari, na tahadhari imfikie mtu mwenye jina na zamu. Pili, akiba ijaribiwe kwa kurudishwa kweli, si kwa kuandikwa tu katika ripoti. Tatu, pawe na kituo cha pili cha kuchunga katika mji mwingine, maana kituo kimoja kikizimika, makundi yote yanabaki bila mlinzi.

Gharama ya kazi hiyo ipo. Lakini mkaaji aliyepoteza akiba yake au karatasi zake za hospitali hawezi kurudishiwa kwa maelezo ya fundi.