Mjakazi si 'Mja kwa Kazi'

Baadhi ya wahakiki wetu hushikilia kwamba mjakazi ni 'mja kwa kazi', yaani mtumishi wa kike tu. Dai hili halina mashiko. Mtwana naye alifanya kazi, tena ya sulubu. Mbona hakuitwa mjakazi? Jibu limo katika neno lenyewe. Mja ni mtumwa, ndiyo maana binadamu huitwa mja wa Mungu. Nacho kiambishi -kazi si kazi ya mikono, bali ni alama ya uke: Waganda humwita mwanamke omukazi, nasi tungali na mkazamwana, mke wa mwana. Mjakazi, basi, ni mtumwa wa kike.

Kosa hili si la sarufi pekee. Mtumishi hulipwa ujira na aweza kuaga, mjakazi alimilikiwa. Suria alikuwa mjakazi aliyetwaliwa kitandani na bwana wake, na amri ya 1897 dhidi ya utumwa Zanzibar ilimwacha kando hadi 1909. Je, huyo naye tumwite mfanyakazi?

Adam Shafi alipompa mhusika jina Kijakazi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), riwaya ya enzi ya Mapinduzi ya 1964, hakuwa akitafuta pambo. Alituonyesha kwamba sheria ilibadilika, jina likabaki. Mhakiki anayelifasiri jina hilo kuwa 'mtumishi' anaipokonya riwaya shtaka lake, na kumfutia mwanamke huyo historia yake.