Kistari kikiruka, maksi zinahama

BTP inasonga, baridi ya asubuhi si mchezo, ndizi tunazifaidi. Leo naomba niongelee tachipadi, kile kibao cha kugusa chini ya kibodi ya laptop. Msicheke kwanza.

Tunaotumia Linux tunalijua tatizo. Unachapa zako, mara kile kistari kinachowakawaka kimeruka mistari mitatu juu na maneno yanaingia katikati ya aya nyingine. Wengi wanadhani ni virusi. Wapi! Tachipadi inahisi badiliko dogo la umeme ngozi inapoigusa. Shina la dole gumba likipita pale, laptop inaweza kuhesabu kuwa umebofya, na kistari kinahamia kwenye mshale ulipo.

Kwa anayechati ni kero tu. Kwa mwalimu ni jambo zito. Njoo uone orodha ya darasa huku Tarime, au kule Mugumu, Serengeti: Chacha Mwita, Mwita Chacha, Marwa Mwita, Mwita Marwa, Bhoke Chacha, Bhoke Marwa. Jina la mtoto na la baba yanapishana tu. Ile 34 ikiangukia mstari wa jirani, nani atashtuka? Mtoto aliyesoma usiku kwa kibatari anapeleka nyumbani maksi za mwenzake, na anayemngoja nyumbani pengine ana fimbo.

Ushauri unaotembea ni ule ule: "nunua kipanya". Sawa, lakini ukichomeka kipanya kiganja chako bado kipo pale pale juu ya tachipadi, na yenyewe mara nyingi haijazimwa. Wengine wanabandika kipande cha boksi. Wengine wanasema rudi Windows, kana kwamba kule viganja havigusi.

Msimamo wangu: acheni kuishi na kero, fungueni mipangilio. Zamani tulikuwa na kiprogramu kinaitwa syndaemon, kinazima tachipadi ukiwa unachapa. Watu bado wananakili maelekezo yake halafu wanalalamika hayafanyi kazi. Ni kwa sababu Linux nyingi za sasa zinatumia libinput, ambayo kwa kawaida inafanya kazi hiyo yenyewe. Ila angalia: ukichomeka kibodi ya nje ya USB, libinput haiihesabu, tachipadi inabaki macho.

Dawa ninayoiamini ni kuzima kubofya kwa kugusa. Kwenye Ubuntu ya kawaida, fungua terminali uandike:

gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad tap-to-click false

Kuanzia hapo, kubofya ni mpaka ubonyeze kweli. Mtasema vidole vinachoka. Basi zima wakati wa kuingiza maksi tu, ukimaliza badilisha false iwe true. Rahisi hivyo.

Kinachoniuma zaidi ni namna tunavyofundishwa kompyuta sisi walimu watarajiwa. Tunakariri kuwa kipanya ni kifaa cha kuingizia data, tunajibu kwenye mtihani, basi. Kugeuza mashine ikae kulingana na mkono wako, hakuna anayegusia. Ndiyo maana mwalimu akisumbuliwa na laptop anasema "mimi na kompyuta hatuivani", wakati mwenye kasoro ni mpangilio.

Na wenzetu walishaonyesha njia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huo huo ikatoka Ubuntu, neno la kusini mwa Afrika lenye maana ya utu. Sasa utu gani huo, kama mtu mzima anakunja viganja hewani ili asiiudhi laptop?

Kwa hiyo wana BTP wenzangu, kabla hamjaingiza maksi za muhula huu, zimeni hicho kitu kwanza. Mwenye dawa bora kuliko yangu aimwage hapa. Nawasilisha.